Ruhusa Niliyokupa Jumamosi

Mpendwa kapteni wangu Magesa,

Naipeleka barua hii gazetini kwa sababu sijui ulipo. Kuna aliyeniambia uko kwenye machimbo ya Geita. Mwingine akasema Kahama. Mmoja aliapa kwamba alikuona Bukoba ukisimamia upakiaji wa kahawa, ukamwitikia salamu kisha ukageuka. Ni miaka sita sasa. Nilipomwomba mhariri wa ukurasa wa michezo anipe nafasi, aliniuliza barua yenyewe inahusu nini. Nikamwambia inahusu mpira na ujasiri wa wachezaji. Akafurahi, akasema makocha na vijana wanahitaji sana maneno ya namna hiyo. Basi na wao wasome, lakini ninayemwandikia ni wewe.

Igogo nilihama. Nakaa Pasiansi, chumba na sebule, chini ya yale mawe makubwa. Mama Kulwa alifariki mwaka juzi wakati wa masika. Najua ungekuja kumzika kama ungepata habari. Hadi alipolazwa alikuwa bado ananiuliza kama kuna barua yoyote kutoka kwako, nami namjibu kwamba posta siku hizi inachelewa. Kulwa yuko Dar es Salaam, Doto ameolewa Arusha. Siku kama ya leo, Jumapili, nikitoka kanisani nachemsha chai ya mtu mmoja, nakaa mlangoni. Uwanja wa shule uko hapo chini tu, filimbi naisikia vizuri. Jirani amenunua televisheni na hunikaribisha kutazama mpira wa Ulaya pamoja na wanawe. Nilikwenda mara mbili. Wanashangilia pamoja, wanagombana pamoja, nami nimekaa pembeni kama mgeni wa msiba. Sikwenda tena.

Nakumbuka siku uliyokuja kiwandani. Walikuwa wamekuajiri kupakia marobota ya pamba, na mtu wa ofisini akaniambia kuna kijana wa Ukerewe anasema anacheza beki. Jioni ulifika uwanjani nyuma ya maghala na viatu vya kuazima, vikubwa kuliko miguu yako, umejaza pamba kwenye ncha. Sikutegemea kitu. Nikakuweka kikosi cha pili, tukacheza sisi kwa sisi. Bao likaingia upande wenu. Wote wakaanza kulaumiana, huyu anamwonyesha yule kidole, kipa anawatukana mabeki. Wewe uliingia golini, ukaokota mpira, ukaufuta kwa shati, ukatembea nao taratibu mpaka katikati ya uwanja na kuuweka chini. Kelele zilikwisha kabla hujafika.

Baada ya mazoezi nilikuuliza nani alikufundisha vile. Ulicheka kidogo, ukasema ni dada yako. Mlikuwa yatima, yeye ndiye aliyekulea, na nyumbani kwenu chungu kikivunjika alikuwa akisema, "Anayetaka kulia aokote vigae kwanza."

Yale maneno niliyachukua, Kapteni. Sikukuomba ruhusa wala sikumshukuru yeye. Niliyafanya somo langu. Tangu siku hiyo timu yetu ilikuwa na sheria: bao likiingia, kapteni ndiye anayeutoa mpira wavuni, na anautoa kwa kutembea. Hakuna anayefungua mdomo mpaka mpira uanze tena. Tulikuwa na mambo mengine pia. Siku za Alhamisi tulicheza kumi dhidi ya kumi na wawili, nami nikiwa refa niliwanyima wale kumi kila haki yao, ili siku ya mechi ya kweli refa akikosea lisiwe jambo geni. Tulipanda mlima wa mawe asubuhi, na aliyefika wa kwanza alishuka kumchukua wa mwisho. Niliwaambia kwamba miguu huchoka baada ya moyo kuchoka. Uliamini. Wote mliamini, na ndiyo sababu tulikuwa tunafunga dakika za mwisho wakati timu nyingine zinaangalia saa.

Dada yako Anastazia nilimwona mara tatu tu. Mara ya kwanza alikuja na kikapu cha machungwa kutoka Ukerewe, akayagawa kwa wachezaji wote kabla hajakusalimia wewe. Alikuwa mrefu, mweusi, na sauti yake haikuwa kubwa. Alikaa nyuma ya goli na kanga mabegani, na katika dakika tisini hakushangilia hata mara moja. Alikuwa anakutazama wewe tu, hata mpira ulipokuwa upande mwingine. Tulipoagana nilimsifia mdogo wake kupita kiasi, kama ilivyo tabia yangu. Nilimwambia kwamba kijana huyu sasa ni wangu. Alinitazama, akajibu kwa heshima kabisa, "Siku za mpira ni wako, mwalimu. Siku zilizobaki ni wangu."

Tukacheka wote. Ninaiandika hapa kwa sababu sikumsikia. Nilisikia maneno, sikumsikia yeye.

Halafu ukaja ule msimu. Vijana wanaosoma hii pengine hawakumbuki hali ilivyokuwa. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameingia vijijini na malori yao, na malori yetu yalikuwa yanarudi nusu tupu. Kila mwisho wa mwezi orodha ya waliopunguzwa kazi ilibandikwa mlangoni kwa muhasibu, na watu walikuwa wanaisoma kwa kidole, kutoka chini kwenda juu. Mtu aliyekuwa anataka kukinunua kiwanda chetu alikuja kutazama nusu fainali. Tulishinda. Akamwambia meneja kwamba tukitwaa ubingwa wa mkoa ataibakiza timu, na wachezaji watabaki kwenye ajira. Meneja akaniambia mimi, mimi nikawaambia ninyi. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa ya mazoezi, kwa kuwa nilijua sauti ya kawaida huingia ndani zaidi.

Fainali ilikuwa Jumapili, dhidi ya timu ya kiwanda kipya cha minofu ya samaki. Ijumaa jioni binamu yako alishuka kwenye meli kutoka Nansio. Jumamosi asubuhi, kabla hatujanywa chai, ulikuwa mlangoni kwangu na begi mkononi.

Ulinisalimia, "Shikamoo, mwalimu," nikaitikia. Hukukaa. Ulisema dada amelazwa, hali yake si nzuri, na anakuulizia. Meli ilikuwa inaondoka saa nane mchana. Jumapili haikuwa na safari. Iliyofuata ilikuwa Jumatatu. Ukasema, "Naomba ruhusa, mwalimu. Najua kesho ni siku gani."

Mama Kulwa alikuwa amesimama nyuma yangu na birika. Kabla sijafungua mdomo alisema, "Mwache aende, baba Kulwa." Nilimwashiria kwa mkono anyamaze.

Sasa nitaandika jambo ambalo wewe ulilijua na mimi nililificha kwa watu wote. Nilisimama pale nikafikiri. Nilijua nikikukataza utakwenda, maana ulikuwa mtu wa namna hiyo, na ungekwenda ukiwa na hasira, hasira ambayo ingekusaidia kutembea. Nikajua pia kwamba nikikuruhusu tu, utakwenda. Nikatafuta njia ya tatu. Nilikuwa hodari wa kutafuta njia ya tatu. Ndiyo iliyonipatia sifa zangu zote.

Nikakwambia, "Nenda, Kapteni. Dada ni dada, nani atakuzuia? Ila pita uwanjani ukawaage wenzako mwenyewe. Nikiwaambia mimi watadhani umekimbia."

Ulinishukuru. Ulinishika mkono kwa mikono miwili.

Tulikwenda pamoja. Njiani uliniuliza nani atavaa kitambaa cha kapteni kesho, nikajibu kwamba nitaona. Uwanjani niliwapigia filimbi, wakaja wakasimama nusu duara, jasho linawatoka. Nikasema tu kwamba kapteni ana neno, kisha nikasogea mpaka kwenye mlingoti wa goli. Uliwaeleza. Hukuchukua dakika mbili. Sospeter, kipa wetu, ambaye mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyo hiyo, alikuwa anafungua na kufunga kamba za glovu zake. Hatimaye yeye ndiye aliyesema, "Nenda tu, Kapteni. Tutajitahidi." Alijaribu kulisema vizuri.

Mimi nilikuwa kwenye mlingoti, nimenyamaza. Wengi walidhani nimeshindwa la kusema. Kunyamaza kwangu kulikuwa kumepangwa, Kapteni, kama nilivyokuwa napanga ukuta wa mabeki. Nilikuwa nahesabu. Nilijua utawatazama mmoja mmoja. Nilijua utafika kwa Sospeter na kubaki hapo.

Ukaweka begi chini. Ukakaa juu ya nyasi, ukaanza kuvua viatu vya safari.

Saa nane honi ya meli ilisikika, na ulikuwa unakimbia mzunguko wa mwisho wa mazoezi ya mchana. Hukuinua kichwa kutazama ziwani. Mimi nilitazama.

Ile fainali watu wa Mwanza bado wanaizungumzia, nami siwezi kujifanya haikuwa nzuri. Tulifungwa dakika ya ishirini na mbili, bao la uzembe, mpira uligonga mgongo wa beki wetu wa kushoto. Uwanja mzima ulilipuka. Ukaingia wavuni, ukautoa mpira, ukatembea. Ulitembea polepole kuliko siku zote. Nilimwambia msaidizi wangu, "Mwone yule. Huyo ana moyo wa jiwe." Kipindi cha pili tukasawazisha. Dakika tano kabla ya mwisho ikapigwa kona, ukapanda juu ya watu wote, ukaupiga mpira kwa kichwa mpaka ndani. Wenzako wakakimbilia kukukumbatia, ukawapita katikati kama mtu anayepita sokoni, ukarudi kwenye nusu yetu na kusimama mahali pako. Peke yako. Umeshika kiuno, unatazama chini.

Picha hiyo niliibeba miaka sita nikiitafsiri vibaya. Nilisema ni nidhamu ya mchezaji anayejua kwamba mechi haijaisha.

Kombe ulilinyanyua kwa sababu ilibidi kapteni alinyanyue. Jumatatu ulipanda meli. Dada Anastazia alikuwa amefariki Jumapili alfajiri, saa nyingi kabla hatujaingia uwanjani, na walimzika Jumatatu mchana wakati meli yako ikiwa bado majini. Hayo nilikuja kuyasikia kwa binamu yako. Sikuja msibani. Nilituma rambirambi kwa mkono wa Sospeter, nikasema nina mkutano na mwekezaji, na ni kweli nilikuwa nao. Ningeweza kuuahirisha.

Baada ya wiki mbili ulirudi. Ulinikuta ofisini, kile chumba kidogo cha jezi. Uliniamkia kama kawaida. Ulikuwa umefua jezi yako na kuikunja, na kitambaa cha kapteni kiko juu yake. Uliviweka mezani. Nilisimama nikaanza kusema, na wewe unajua nikianza kusema ninavyokuwa. Nilikwambia habari ya ushujaa, habari ya wenzako waliobaki na kazi kwa sababu yako, nikakwambia dada mwenyewe angejivuna. Uliniacha nikamaliza. Kisha ukasema, bila kupandisha sauti, "Mwalimu, ungeniambia usiende, ningekwenda."

Ukaondoka. Sijakuona tena.

Ni haki niseme pia yaliyotokea baadaye, maana hayakuwa mabaya yote, na hilo ndilo linalonitesa. Mwekezaji alitimiza ahadi yake kwa misimu miwili. Kisha timu ikavunjwa na uwanja wetu ukawa mahali pa kuegesha matrela. Lakini wachezaji tisa walibakizwa kiwandani, na sita wako huko mpaka leo. Sospeter amejenga Igoma. Mtoto wake yule aliyezaliwa wiki ya fainali anasoma darasa la kwanza. Nikikutana na Sospeter anasema, "Nyumba ile kapteni alitujengea." Anasema kweli. Mtu anaweza kufanya ubaya na ukazaa nyumba ya tofali, na watoto wakalala ndani yake salama. Ungekuwa umezaa hasara tupu, ningekwishaujua siku nyingi kwa jina lake.

Badala yake niliugeuza somo. Timu ilipovunjwa, chama cha mpira kilianza kuniita kwenye semina za makocha. Mwanza, Shinyanga, Musoma, hata Tabora. Nilikuwa nazungumzia namna ya kumjenga mchezaji akilini: jinsi ya kumzoesha kuonewa, jinsi ya kusimama baada ya kufungwa, jinsi ya kulala usiku wa kuamkia mechi kubwa. Na kila mara nilimalizia na habari yako. Walikuwa wanaiita hadithi ya begi. Nilieleza mlivyosimama nusu duara, nikanyamaza kidogo kama nilivyonyamaza siku ile, halafu nikasema, "Akaweka begi chini." Watu walikuwa wanavuta pumzi. Makocha watu wazima walikuwa wanafuta macho. Niliimalizia kwenye kombe, kila mara. Nadhani nimeisimulia mara thelathini. Baada ya kuisimulia nilirudi kulala nyumba za wageni, na hakuna nilichokisikia ila maji yanadondoka bombani. Nilifikiri ni uchovu wa safari.

Mwezi uliopita waliniita tena, semina ya siku tatu hapa hapa mjini. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi kutoka Ilemela, mwanamke wa makamo, anafundisha netiboli na mpira wa wavulana pia kwa kuwa hakuna mwingine. Alikaa mstari wa mbele na daftari. Nilisimulia hadithi ya begi. Wakapiga makofi. Makofi yalipoisha yeye akainua mkono, akauliza, "Samahani, mwalimu. Na yule dada alipona?"

Thelathini na ngapi, Kapteni, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Nikasema, "Alipona."

Lilitoka lenyewe, jepesi. Yule mama akasema, "Afadhali," akaandika kwenye daftari lake. Nilimwona anaandika. Sijui alivyoandika, lakini naliona lile daftari mpaka sasa, mkono wake ukitembea kwenye mstari, dada yako akipona kwa wino wa bluu.

Nilirudi Pasiansi nikashindwa kula. Nilijiambia kwamba nitalieleza nikipata nafasi nzuri. Kisha nikaona hiyo ndiyo tabia yangu, kusubiri nafasi nzuri. Asubuhi yake, kabla ya somo la kwanza, niliomba dakika tano. Nilisimama mbele yao nikasema kwamba yule dada hakupona, alizikwa mdogo wake hayupo, na aliyesababisha ni mimi, na nilifanya kwa makusudi nikiita ni ruhusa. Niliwaeleza kuhusu mlingoti na kunyamaza kwangu. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Kocha mmoja kijana, nadhani alitaka kunifariji, akasema, "Lakini mlishinda, mzee." Wenzake kadhaa wakaitikia kwa kichwa. Yule mwalimu wa Ilemela hakuitikia. Alifungua daftari, akakata mstari, akafunga.

Kama kuna kocha amesoma mpaka hapa akitafuta la kuwafaa vijana wake, nitampa nililolipata. Wafundishe kuvumilia. Wapandishe mlima, wanyime penalti ya haki, waache wapoteze mechi na kesho yake waje mazoezini kwa wakati. Hiyo ndiyo kazi yetu. Lakini kuchagua ni kitu gani katika maisha yake mtu avumilie kukikosa, hiyo si kazi yetu. Mchezaji aliyekomaa akilini ni rahisi sana kumdhulumu, kwa sababu halii, na ukimtazama usoni utadhani hakuna kilichompata. Na ukomavu wenyewe mara nyingi hakuupata kwako. Alikuja nao kutoka nyumbani, kwa mtu fulani aliyemlea, na wewe umeukuta tayari.

Wiki iliyofuata semina nilikwenda Ukerewe.

Nilikuwa sijawahi kufika. Binamu yako aliniandikia kwenye karatasi jinsi ya kutoka Nansio. Nilimkuta Veronika, mpwa wako, anaanika mihogo juu ya jiwe. Ni binti mkubwa, mrefu kama mama yake. Aliniamkia, akanipa kigoda, akaniletea maji ya kunywa kabla ya kuniuliza mimi ni nani. Nilipomwambia, aliendelea kugeuza mihogo. Kisha akasema kwamba amesikia habari zangu. Nilimuuliza kama wewe ndiye uliyemwambia. Akasema hapana, mjomba hazungumzii mpira, ila huja kila mwaka kupalilia kaburi, hukaa siku mbili, huondoka. Nikamwomba anwani yako. Akajibu kwamba hawezi kunipa bila kukuuliza kwanza, na kwa kuwa hujui nimekuja, basi. Alisema vile kwa adabu, na mlango ukafungwa. Nikaona ni sawa.

Alinipeleka kaburini, nyuma ya michungwa. Mmelisakafia vizuri, na msalaba una jina lake. Veronika alisimama kando yangu, mikono ameikunja. Upepo wa ziwa ulikuwa unakuja kidogo. Nilidhani ataniacha peke yangu, hakuniacha.

Akasema, "Mama alikuwa anasema kocha wa mjomba anajua sana kuongea." Hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu anayetoa habari. Halafu akaongeza, "Basi ongea naye, mzee. Nitasubiri."

Kapteni, umenisikia nikizungumza chumbani wakati wa mapumziko, tumefungwa mawili, watu wamekata tamaa, na nikawainua. Umenisikia nikizungumza na mameneja, na marefa, na askari polisi siku ile vurugu zilipotokea Shinyanga. Nilifungua mdomo pale kaburini. Nilijaribu jina lake, nikalitamka. Baada ya hapo hakikuja kitu. Kila sentensi iliyonijia niliitambua. Nilikuwa nimekwisha kuitumia mahali fulani, kwa mtu fulani, kumfanya afanye nilichotaka. Nikazikataa moja baada ya nyingine mpaka zikaisha. Nilisimama. Veronika alisubiri kama alivyosema. Jua lilikuwa linashuka upande wa Sengerema alipotoa mkono akanishika kiwiko, akasema tutembee, njia ina mawe.

Sikuandikii ili urudi, wala ili unisamehe. Popote ulipo, kama una mke, nawasalimu nyote, na kama una watoto nawaombea wawe na mtu wa kuwakumbusha vigae. Mimi nipo tu, nashukuru afya, na Jumapili zinapita. Kaa salama, Magesa.

Mimi niliyekuwa kocha wako,
Pasiansi, Mwanza.